Kabla ya kwenda kupimwa tumbo lisilosaga chakula

Chakula hakishuki, unashiba kwa vijiko vitatu, tumbo limejaa gesi: mtaani utaambiwa ni vidonda tu, na duka la dawa litakuuzia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Wengi wa wagonjwa wa aina hii wakipigwa kamera, yaani mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, tumbo hukutwa halina kidonda. Linalosumbua mara nyingi ni mwendo wa tumbo na wepesi wa neva zake kustuka, na hapo homoni zina mkono.

Kwa hiyo anza na daftari, wiki mbili kabla ya miadi. Usiandike “nilikula, nikaumwa”. Andika hivi: “Saa 7 mchana, wali wa nazi na maharage, sahani moja. Saa 7 na nusu nimevimbiwa. Saa 10 kichefuchefu.” Mafuta hasa ndiyo ya kufuatilia. Yakifika mwanzo wa utumbo mdogo, kuta zake hutoa homoni ya kolesistokinini, ambayo hulegeza sehemu ya juu ya tumbo, hubana mlango wa chini wa tumbo na kuchelewesha chakula kutoka. Kwa kila mtu ni hivyo. Mwenye tatizo hili, kiasi ambacho jirani yake hakihisi kinaweza kumtia kichefuchefu. Kama chipsi mayai inakusumbua na viazi vya kuchemsha havikusumbui, daktari anahitaji kulijua hilo.

Andika pia unavyotafunatafuna kati ya milo. Tumbo likiwa tupu, homoni ya motilini husaidia kuanzisha mawimbi, takriban kila saa moja na nusu hadi mbili, ya kufagia mabaki. Karanga hapa, andazi pale, ufagio unasimama. Milo midogo ni sawa, lakini iachiane nafasi.

Dawa zote zibebe na maboksi yake, hata ulizopewa na shemeji. Erythromycin, ambayo ni antibiotiki, huamsha vipokezi vya motilini na kulisukuma tumbo. Sindano za semaglutide, za kisukari au kupunguza uzito, hulipunguza kasi, hivyo zitaje mapema kabla ya kamera. Kipimo cha H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, cha pumzi au choo kinataka omeprazole isimamishwe wiki 2 kabla na antibiotiki wiki 4, la sivyo majibu yanaweza kusema huna bakteria kumbe unaye. Uliza kwanza kabla ya kusimamisha omeprazole, hasa ukiwa unatumia aspirini au diclofenac, dawa zinazoweza kuumiza tumbo. Kipimo cha damu mimi sikitegemei: kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya bakteria huyo, hubaki hata baada ya kupona.

Siku ya kamera, chakula kigumu kiishe angalau saa 6 kabla, au zaidi kama hospitali imesema hivyo.

Daftari lisikucheleweshe ukiona unakonda bila sababu, chakula kinakwama kooni, au umeambiwa damu imepungua. Omba miadi ya karibu. Ukitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, nenda hospitali saa hiyohiyo.