SOMO: Kiyoyozi cha trela kinazima kikiwa kwenye betri? Anza kupima upande wa volti 12

Somo hili ni la wenye trela za kusafiria za Marekani, zile za kuvutwa na pikapu, zenye kiyoyozi cha paani cha BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinachotumia volti 120. Kikiwa kwenye umeme wa kambi, yaani wa plagi ya kambini, kinapoza vizuri. Kikihamishiwa kwenye betri kupitia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri wa volti 12 kuwa wa volti 120), feni inazunguka, kompresa (pampu ya kiyoyozi) inaguna mara moja, kisha kila kitu kinazima. Wengi hukimbilia kununua inveta kubwa zaidi. Tafadhali usinunue kitu kabla ya kupima, maana mara nyingi ubovu uko kati ya betri na inveta.

Hesabu kwanza. Kiyoyozi hicho kikishatulia hula wati 1,300 hadi 1,500. Chukua 1,500. Inveta hupoteza kama asilimia 12 kwa joto, hivyo betri inatakiwa kutoa wati 1,700. Gawa kwa volti 12.8, unapata ampea 133 mfululizo. Na hizo ni za kompresa ikiwa tayari inazunguka. Inapoanza, rota bado imesimama, na kwa kitambo kifupi kuliko sekunde moja inaweza kuvuta ampea 50 au zaidi za volti 120 (kwenye kibandiko cha kiyoyozi angalia namba iliyoandikwa LRA, yaani ampea rota ikiwa imesimama). Kwa hesabu ya haraka hizo ni kama wati 6,000, na upande wa betri zinaweza kufika ampea 500. Hapo ndipo mfumo unapoanguka.

Utahitaji multimita yenye uwezo wa kushika kiwango cha chini kabisa (kitufe cha MIN), na klampu mita (inayopima ampea kwa kuzunguka waya) inayosoma DC, yaani umeme wa betri. Klampu mita nyingi za bei rahisi husoma AC (umeme wa ukutani) tu, hivyo soma maandishi yake kabla ya kulipa.

Hatua ya 1: ondoa mizigo mingine. Kinachosahaulika zaidi ni konveta, yaani chaja ya ndani ya trela. Inveta ikilisha paneli nzima ya kugawa umeme, konveta inaona volti 120 na kuanza kuchaji betri ileile inayoilisha. Umeme unazunguka bure na kupotea kila unapopita. Zima breka yake (swichi ya usalama kwenye paneli). Hita ya maji na friji zihamishie kwenye gesi, kwa sababu hita peke yake hula wati 1,400 hivi.

Hatua ya 2: pima mahali pawili kompresa inapowaka. Hiki ndicho kipimo kinachomaliza ubishi. Weka multimita kwenye vichwa vya betri, mwenzako ashushe thermostati, soma MIN. Zima, subiri dakika tano, rudia ukiwa umeweka multimita kwenye vichwa vya inveta. Dakika hizo tano usizikate: presha ya gesi ya kupozea iliyo ndani ya kiyoyozi lazima ilingane kwanza, vinginevyo kompresa itakwama hata kwenye umeme wa kambi na kipimo chako kitakudanganya.

Sasa tafsiri. Betri ikisoma 12.5 na inveta 11.0, volti 1.5 zimepotelea njiani: nenda hatua ya 3. Zote mbili zikishuka pamoja karibu na 10.5, ambapo inveta nyingi hujikata, betri ni chache au zimechoka. Betri ya lithiamu ikianguka ghafla hadi sifuri, BMS, yaani ulinzi wa ndani ya betri, ndiyo iliyokata. Ondoa mzigo, iunganishe na chaja, itaamka. Na kama volti zimebaki juu ya 12 lakini inveta inalalamika kuzidiwa, tatizo ni kishindo cha kuwaka, yaani ule umeme mwingi unaovutwa kompresa inapoanza: nenda hatua ya 4.

Hatua ya 3: kebo na maungio. Chukua mita 2 za kwenda na 2 za kurudi. Kebo ya shaba ya milimita 25 za mraba hupoteza volti 0.4 kwa ampea 150, na 0.8 kwa ampea 300. Ya milimita 70 hupoteza 0.15 na 0.3. Kwa inveta ya wati 3,000 funga saizi ya Kimarekani 4/0, ambayo ni milimita 107, na fyuzi ya aina ya Class T karibu na betri. Jihadhari na kebo iliyoandikwa CCA: hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, unene wake ni wa macho tu.

Kisha maungio. Lagi (kile kipande chenye tundu kilichobanwa mwishoni mwa kebo) ikae moja kwa moja juu ya kichwa cha betri, na washa (kisahani cha chuma chenye tundu) ije juu yake. Washa hiyo ya chuma ikiwekwa katikati, umeme wote unalazimika kupita kwenye chuma kisichopitisha vizuri. Kompresa ikifanya kazi dakika kumi, pima joto la kila ungio kwa kipimajoto cha mbali, usishike kwa mkono. Lililo la moto kuliko wenzake ndilo bovu. Betri zikiwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), chanya itoke kwenye betri ya kwanza na hasi itoke kwenye ya mwisho, ili zote zibebe mzigo sawa.

Hatua ya 4: softi stata. Kifaa hiki hufungwa ndani ya kiyoyozi na kupunguza kishindo cha kuwaka kwa zaidi ya nusu. Ukikifunga, toa kapasita ya kuanzia (kifaa kinachohifadhi chaji ya kuisukuma kompresa) na kidude chake cha PTC, kinachoikata kapasita hiyo kompresa ikishawaka, kama maelekezo yanavyosema. Vikiachwa vitapingana nacho. Kabla ya kugusa chochote, zima inveta, chomoa umeme wa kambi, na utoe chaji ya kapasita kwa kizuizi cha umeme (rezista). Ukiwa huko juu pima pia kapasita ya kuendeshea: ikiwa chini ya namba yake kwa zaidi ya asilimia 6, badilisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, betri moja ya lithiamu ya Ah 100 (ampea-saa, yaani ujazo wake) haitoshi hata kwa nusu saa?
Haitoshi, mkuu. BMS za betri nyingi za saizi hiyo zinaruhusu ampea 100 mfululizo, nawe unahitaji 133. Itakata. Mbili zitaendesha, kila moja ikibeba 67, na utapata saa moja na nusu ya kompresa isiyopumzika. Nne zitakupa saa tatu. Usiku kompresa ikipumzika mara kwa mara, muda unarefuka.

Swali: Nina nne za asidi, Ah 100 kila moja. Si ni sawa tu?
Si sawa, ndugu. Hiyo Ah 100 imepimwa kwa kutolewa ampea 5 kwa saa 20. Ukiichota ampea 33 (133 gawa kwa betri nne), ujazo unapungua, na hupaswi kuvuka nusu. Tegemea saa moja hivi, na volti zitayumba kila kompresa inapowaka.

Swali: Pikapu si inachaji nikiwa barabarani?
Waya wa plagi ya pini 7 ni mwembamba, mara nyingi hupitisha ampea 10 hadi 15 tu. Ukifunga kebo nene na chaja ya DC kwa DC ya ampea 40, bado ni chini ya theluthi ya kinacholiwa.

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Mombasa, trela imeletwa kutoka Marekani. Nitumie transfoma kushusha 240?
Marahaba. Transfoma inashusha volti, lakini hertzi 50 zinabaki 50, na mota ya kompresa imetengenezwa kwa 60. Itazunguka polepole na kuchemka. Inveta ya volti 120, hertzi 60 ikitumia betri inakufaa zaidi. Umeme wa ukutani utumie kuendesha chaja ya betri inayokubali volti 240.

Swali: Changu kinawaka vizuri, kinazima baada ya dakika 30.
Hilo ni joto. Inveta iliyofungiwa chini ya kitanda inapumua hewa yake yenyewe hadi inajikata. Ipe tundu la kuingiza hewa chini na la kutoa juu, isafishe feni vumbi, na isikae chumba kimoja na mitungi ya gesi. Ikiendelea, rudi kupima joto la maungio, ukianza na kishikio cha fyuzi.