Namna ya Kutoa Maoni Juu ya Filamu Uliyoitazama

Ukitoka kibanda umiza cha Mikindani ukaulizwa filamu ilikuwaje, usisimulie kisa chote. Taja tukio moja lililokugusa au kukuchosha, kisha eleza sababu. Iwapo ilitafsiriwa kwa sauti, tenganisha utani wa mtafsiri na kazi ya waigizaji, kwani mara nyingi, nakiri, tunayemsifu ni yeye.

Filamu ya hali halisi ipime kwa ukali zaidi: ikihusu dinosaria waliochimbuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, angalia kama inawaonyesha wapagazi Waafrika waliobeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, kabla haijasafirishwa Berlin, au inawasifu wataalamu wa Kijerumani pekee. Kuhusu muziki, sentensi moja inatosha.