Betri ya Simu Ikivimba: Namna ya Kuitoa Nyumbani Salama

Betri ya lithiamu huvimba pale kimiminika kilichomo ndani kinapoharibika na kutoa gesi, mara nyingi kwa uzee, joto au chaja mbovu. Gesi hiyo inawaka. Kuitoboa kwa pini ili ipungue na kifuniko kifunge, kama wengi wanavyofanya, ni kuutafuta moto kwa mkono wako mwenyewe.

1. Acha kuchaji mara moja, zima simu. Betri inayotoka kwa urahisi itoe, ilaze kwenye kioo au meza laini, kisha izungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba. Usiirudishe.

2. Betri iliyogandishwa kwa gundi usiibandue. Dalili kwamba imevimba ni skrini au mgongo wa simu kuinuka. Ndani ya betri, pande za chanya na hasi zimetenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Ukiikunja au kuichokonoa kwa bisibisi, utando unachanika, pande zinagusana, na joto linapanda ghafla. Ipeleke simu nzima na betri yake kama hatua ya 6 inavyoeleza, ukishatoa laini na memori kadi. Pawabenki nayo usiifungue.

3. Kwa betri uliyoitoa, funika vituo vya shaba, yaani sehemu zinazopitisha umeme kwenda kwenye simu, kwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Kipande cha sentimita 5 kinatosha. Usiruke hatua hii eti kwa kuwa simu haiwaki: betri inaweza kubaki na chaji ya kutosha kutoa cheche ikigusa funguo au sarafu. Wapo wanaoizamisha kwenye maji ya chumvi ili kuimaliza chaji. Chumvi hula vituo kabla chaji haijaisha, na unabaki na betri ileile, sasa imelowa.

4. Tafuta kopo la bati, la maziwa ya unga kwa mfano. Weka mchanga mkavu sentimita 5, betri juu yake, kisha mchanga mwingine kiasi hichohicho. Mchanga mbichi haufai kwa sababu unapitisha umeme. Maranda ya mbao ndiyo kabisa, hayo ni kuni. Kifuniko kiegeshe tu, usikikaze, gesi ipate pa kutokea. Betri moja, kopo moja. Liweke nje, kivulini, pasiponyesha, mbali na mtungi wa gesi, mafuta ya taa na watoto.

5. Ikianza kufuka moshi au kutoa sauti ya mvuke, ondoa watu kwanza. Moshi wake una gesi ya haidrojeni floridi, inayounguza mapafu, kwa hiyo usiinamie kutazama. Kwa betri ndogo ya simu, maji mengi ndiyo dawa, maana yanaipoza. Mchanga unazuia moto kusambaa lakini haupozi. Endelea kuitazama hata moto ukizima, kwani huweza kuwaka tena. Kimiminika kikikugusa ngozi au jicho, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15, na kwa jicho nenda hospitali.

6. Usiitupe jalalani wala kwenye shimo la kuchomea taka, na usimpe fundi wa kuirudisha sokoni. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za kielektroniki. Rwanda kuna kiwanda cha Enviroserve, Bugesera. Tanzania, uliza ofisi ya NEMC (baraza la taifa la mazingira) ya kanda yako ni nani mwenye kibali cha kukusanya taka hatarishi.

7. Siku ya kuipeleka, isafirishe ndani ya kopo lake. Usiifungie chini ya kiti cha bodaboda, wala usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani. Ukifika, sema wazi kabla ya kukabidhi kwamba imevimba, ili isirundikwe pamoja na betri nzima.