Hedifoni za mbao za mgongo wazi: namna ya kuziweka na kuzisikiliza katika hewa ya Tanga

Hedifoni za mgongo wazi hazina kifuniko nyuma ya spika. Pana wavu tu, na sauti inayotoka nje inakaribia ile inayoingia sikioni. Ndiyo maana muziki wake unapumua kuliko wa hedifoni zilizozibwa, na ndiyo maana pia aliyelala kando yako atausikia wimbo wote mpaka mwisho. Ni vyombo vya kukaa navyo nyumbani. Za daraja la juu mara nyingi huwa na mbao: Grado RS1 ina vikombe vya mahogani, Audeze LCD-2 ina pete ya mbao kuzunguka spika, ZMF ya Marekani huchonga vikombe vizima vya miti ya aina nyingi.

Mbao hizo hazibadilishi sauti kama wauzaji wanavyodai. Spika yenyewe na mito ya masikio ndivyo vinavyoamua sehemu kubwa. Atakayekuambia mti fulani una besi tamu, muulize kwanza mito yake ni ya ngozi au ya mahameli. Lakini mbao ndiyo sehemu itakayoharibika kwanza ukiishi pwani, kwa hiyo tuanze nayo.

Ubao na unyevu

Ubao hunywa maji kutoka hewani na kuyatema. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, ambao ni jambo la kawaida Tanga asubuhi, hasa masika, ubao uliotulia humo hubeba maji ya kama asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Kwenye asilimia 50 hubeba kama 9. Ubao unaoishi siku zote kwenye 80 huvimba kidogo, unakaa hivyo, na yameisha. Hatari iko kwa anayelala na kiyoyozi usiku na kufungua madirisha mchana. Ngozi ya juu ya ubao hukauka kabla ya moyo wake, ngozi inasinyaa huku moyo umekataa, na ufa unaanza. Tafuta ufa huo mahali nyuzi za ubao zinapoishia, yaani pande mbili zinazotazamana za kikombe, na kuzunguka matundu ya skrubu.

Dalili ya mapema ni skrubu iliyolegea yenyewe. Ukiikaza wakati ubao umesinyaa, masika ubao utavimba na skrubu itakula nyuzi zilizoishika. Rudisha ubao kwenye unyevu wake wa kawaida kwa wiki mbili, kisha kaza kwa vidole viwili tu.

Sanduku

Unahitaji sanduku la plastiki la chakula lenye mpira kwenye mfuniko, lita 12 hadi 15, haigromita (kipima unyevu) ndogo ya dijitali, na gramu 50 za silika jeli, punje za kunywa unyevu, ya rangi ya chungwa. Ile ya bluu iache, kwa kawaida rangi yake ni ya kobalti na ina sumu.

Haigromita za bei rahisi husema uongo kwa asilimia 5 hata 10, kwa hiyo zipime kwanza. Jaza kizibo cha soda chumvi ya mezani, dondoshea maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, isiwe maji ya chumvi. Kiweke pamoja na haigromita ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uache saa 12 bila kuufungua. Inapaswa kusoma 75. Ikisoma 69, andika "+6" kwa kalamu mgongoni mwake.

Sasa weka hedifoni ndani ya sanduku, silika ikiwa kwenye mfuko wa kitambaa cha pamba, mbali na ubao. Unalenga asilimia 45 hadi 60. Wengi hukosea hapa kwa kumwaga nusu kilo ya silika wakidhani ikizidi ni heri. Hewa ya lita 12 yenye nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 80 ina maji kama theluthi moja ya gramu tu. Vikombe vyenye gramu 100 za mbao vitatema gramu 6 au 7 vikishuka kutoka 80 hadi 50. Gramu 50 za silika zinatosha kabisa kunywa hayo. Nusu kilo itakuteremsha chini ya 30 na utakuwa umejinunulia ufa. Kipimo kikigusa 45, toa mfuko. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, au itandaze kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo kabisa, ukikoroga mpaka rangi irudi.

Wanaoweza kuagiza pakiti za kusawazisha unyevu zinazotumiwa na wapiga gitaa, zile za asilimia 49, hawahitaji silika. Pakiti hizo hutoa na kunywa maji zenyewe. Mchele usiweke. Haukaushi chochote cha maana, unaacha vumbi, na wadudu wake wataipenda mito yako.

Nyumba za Raskazone na kwingine zinazopokea upepo wa bahari zina shida ya ziada: chumvi. Hukaa kwenye wavu na kwenye pini, nayo huvuta maji. Ukiona kijani kwenye pini ya shaba, isugue kwa pamba yenye spiriti ya isopropili ya asilimia 99, si ile ya 70 ambayo karibu theluthi yake ni maji.

Kupaka mafuta

Kwanza jua ubao wako umemaliziwa na nini. Dondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana, chini ya mto. Likisimama kama shanga na ubao usibadilike rangi baada ya dakika mbili, hiyo ni vanishi: futa kwa kitambaa kikavu na usipake chochote, mafuta yatabaki juu yakinata. Likizama na kuacha doa jeusi, ubao ni wa mafuta, na mara mbili kwa mwaka unatosha, kabla ya kaskazi na kabla ya masika.

Toa mito. Ziba wavu na spika kwa utepe wa karatasi wanaotumia mafundi rangi. Tumia mafuta meupe ya madini yasiyo na manukato, au nta ya nyuki sehemu moja iliyoyeyushwa ndani ya mafuta hayo sehemu nne. Matone matatu kwa kila kikombe, kwenye kitambaa, kamwe si moja kwa moja kwenye ubao. Subiri dakika 20, futa yote yaliyobaki, acha usiku mzima kabla ya kurudisha mito.

Mafuta ya nazi yapo kila jiko la Tanga, na vishawishi ni vingi. Yaache jikoni. Hayakauki, huganda kukipoa, hukusanya vumbi na baadaye hutoa harufu ya kuvunda. Mafuta ya kitani hukauka vizuri na mafundi samani wanayapenda, ila kitambaa chake kikikunjwa na kutupwa kwenye kona kinaweza kujiwasha moto chenyewe. Kitandaze nje kikauke kabisa kabla ya kukitupa.

Kuna wanaofikiria kumpa fundi mchongaji vikombe vipya vya mpingo. Ubao ni mzuri na unatulia kuliko mingi, lakini unazama majini: ni mzito kama mara mbili ya mahogani. Hedifoni za LCD-2 tayari zinapita nusu kilo, shingo yako haitashukuru. Na mpingo usiokaushwa kwa subira hupasuka kwenye mashine.

Mito na wavu

Ngozi bandia hubambuka mapema kwenye joto na jasho. Ngozi halisi huota ukungu ikifungiwa ikiwa na jasho, kwa hiyo baada ya kusikiliza acha hedifoni nje dakika 30 kabla ya kuziweka sandukuni. Mahameli inaoshwa kwa mkono, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikaushwe kivulini.

Mlio wa kukwaruza upande mmoja, hasa kwenye besi, mara nyingi ni unywele uliogusa utando wa spika. Toa mto, geuza kikombe kitazame chini, ugongegonge taratibu kwa kidole, kisha tumia brashi laini kavu kwenye kitambaa cha kinga. Usitumie mashine ya kunyonya vumbi wala kupuliza hewa ya kopo, utando ni mwembamba na utakunjika. Spika bapa za sumaku, zenye utando bapa badala ya koni, kama za Audeze, zina sumaku kali: zisivaliwe karibu na pini za cherehani wala meza ya fundi chuma. Zinapovaliwa zisibandikwe masikioni kwa pupa, maana hewa iliyobanwa husukuma utando.

Nguvu ya amplifaya

Tazama namba mbili: ukinzani kwa omu, na unyeti, yaani desibeli inazotoa kwa miliwati moja. Tulenge kilele cha desibeli 110, kinachotosha muziki wowote. Kila desibeli 10 za ziada zinadai nguvu mara kumi.

Hedifoni ya omu 32 na unyeti wa 98 inahitaji miliwati 16, yaani volti 0.7. Kipande kizuri cha waya cha kuunganishia hedifoni na simu, kinachotoa volti 1, kinatosha, na amplifaya ya laki kadhaa hapo ni pambo. Ya omu 300 na unyeti wa 97 inataka miliwati 20, lakini volti ni 2.45, simu haifiki. Ya spika bapa, omu 60 na unyeti wa 90, inataka miliwati 100: volti ni zilezile 2.45, ila mkondo ni miliampia 41 badala ya 8. Ndiyo maana amplifaya inayotekenya vizuri ya omu 300 inaweza kulegea kwenye bapa.

Ukinzani wa kutokea wa amplifaya, yaani ule wa tundu lake la hedifoni, usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa omu 32, usizidi 4. Ukizidi, besi za spika za kawaida huvimba na kuwa nzito. Spika bapa hazijali sana, ukinzani wake haubadiliki kutoka besi hadi juu.

Umeme wetu ni volti 230. Kifaa cha Japani cha volti 100 au cha Marekani cha 120 kinahitaji transfoma yake. Umeme ukikatika, chomoa hedifoni kabla haujarudi: amplifaya za taa (zile za vali za kioo) zisizo na relei, swichi ya ndani inayochelewesha sauti, hutoa kishindo zinapowaka, na kishindo hicho hupita moja kwa moja kwenye utando.

Feni na sauti

Mgongo wazi hauzuii kelele. Feni ya dari ikizunguka kwa kasi, utaongeza sauti bila kujijua. Zima feni, weka sauti unayoitaka, bandika alama ya utepe kwenye kitufe, kisha washa feni na usivuke alama. Shirika la Afya Duniani linakubali desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, muda huo hushuka hadi saa 4. Baada ya isha, bodaboda zikipungua mtaani, utashangaa namna sauti ndogo inavyotosha.

Ukinunua zilizotumika

Nenda na multimita. Pima ukinzani wa kila upande kwenye pini: tofauti ikizidi kama asilimia 5, uliza kwa nini. Kipimo kinaweza kuwa chini kidogo ya namba ya kiwandani, hilo ni sawa. Kisha cheza rekodi ya mono, yaani yenye sauti ileile pande zote mbili, nakala ya zamani ya taarab ya Black Star au Lucky Star za hapahapa Tanga itafaa kama ni ya mono. Mwimbaji asimame katikati ya kichwa. Akiwa ametawanyika kama yuko pande zote na hayupo popote, waya za upande mmoja zimegeuzwa, na fundi redio ataziunganisha upya kwa dakika kumi. Mwishoni piga sauti ya kupanda kutoka hezi 20 hadi 200, kwa sauti ndogo. Mtikisiko wa plastiki unaonyesha skrubu. Mkwaruzo mkavu unaonyesha utando, na hapo punguza bei au ondoka.