Kuchagua amplifaya ya kinanda kwa bendi ya jukwaani, hatua kwa hatua

Mwaka wangu wa kwanza kwenye bendi nilipiga kinanda kupitia amplifaya ya gitaa. Niliikuta stoo, haina mwenyewe, nikaona bahati imenidondokea. Harusi ya kwanza tulipiga kwenye ukumbi mmoja mtaa wa Kisasa, Dodoma. Wimbo wa tatu haujaisha, mpiga besi akanisogelea sikioni: "Kaka, leo umekuja na kinanda au na blanketi?" Hakukosea. Piano ilisikika kama inapigwa chumba cha pili na mlango umefungwa, na kila nilipoongeza sauti ilizidi kukoroma badala ya kukua.

Tangu hapo nimemiliki amplifaya nne, nimezibeba Dodoma mjini, Kongwa, Bahi, Manyoni mpaka Singida, nyingine kwa kirikuu, nyingine kwenye buti la Noah juu ya masufuria ya mpishi wa shughuli. Vijana wakiniuliza wanunue ipi, huwa nawarudishia swali: unamnunulia nani sauti, wewe mwenyewe au meza ya mwisho? Mengine yote yanatoka kwenye jibu hilo.

Hatua ya 1: Amua spika itamfanyia kazi nani

Kuna shughuli ambazo ukumbi umekodi mitambo mikubwa, fundi mitambo yupo, na kila chombo kinaingia kwenye miksa yake. Hapo amplifaya yako ni ya kukusikilizisha wewe, na labda mpiga dramu aliye jirani. Haina haja ya kuwa jitu. Wati 100 za kweli na spika ya inchi 10 au 12, ukiilaza kidogo iangalie masikio yako, inatosha.

Halafu kuna zile nyingine: send-off ya uani Nkuhungu, baa yenye bustani, kipaimara cha mtoto wa rafiki. Spika mbili zilizopo ni za waimbaji na MC, na kila mpiga chombo ajitegemee. Hapo amplifaya yako ndiyo kinanda chenyewe; isiposikika, hukuja.

Kazi zangu nyingi ni mchanganyiko wa hizo mbili, kwa hiyo nilitafuta kifaa kinachoweza kote. Ukijijua kuwa wewe ni wa kanisani tu, kwaya bila dramu, usinunue mzigo wa kukuvunja mgongo.

Hatua ya 2: Achana na amplifaya ya gitaa, na sabufa ya sebuleni pia

Waya mnene wa gitaa ukiupiga wazi unatoa karibu hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde. Spika ya gitaa imetengenezwa makusudi ikate milio ya juu, nyingi zinaanza kuishiwa pumzi kwenye hezi 5,000 hivi, na ndiyo maana gitaa linatoka tamu, halikwaruzi. Kinanda cha funguo 88 kinaanzia hezi 27.5. Noti yake ya juu kabisa ni hezi 4,186, lakini juu ya hapo bado kuna vijisauti vinavyofuatana nayo: mgongano wa nyundo, upepo wa filimbi, mng'ao wa matarumbeta. Ukivikata hivyo, umebaki na blanketi la mpiga besi wangu. Hata kinanda cha funguo 61, kinachoanzia kama hezi 65, kinahitaji spika yenye twita, kile kijispika cha milio ya juu.

Amplifaya ya besi ni afadhali kidogo kwa mkono wa kushoto, ila nyingi zinanyima mkono wa kulia.

Sabufa nayo najua inashawishi, maana ipo nyumbani na inatikisa madirisha. Wimbo uliorekodiwa umeshabanwa na kusawazishwa studio. Kidole chako kikigonga ufunguo, mlio unaruka ghafla bila mtu wa kuubana. Nimeona koni ya sabufa ikichanika kwenye mazoezi, na ilikuwa ya baba mwenye nyumba.

Hatua ya 3: Zisome wati kwa jicho la mwenye duka asiyekupenda

Hapa ndipo watu wengi hupigwa, nami nikiwemo. Niliwahi kununua spika iliyoandikwa 2,000 kwa wino wa dhahabu, na chini yake herufi ndogo PMPO. Nikaiwasha mazoezini, mpiga dramu akaifunika kwa fimbo moja. Namba ya PMPO haina kipimo cha kueleweka, ipite kama unavyopita tangazo la mganga. Namba ya kilele nayo ni ya kitambo kidogo tu. Unachotafuta ni wati za kuendelea, ambazo mara nyingi huandikwa RMS.

Kama muuzaji hajui, geuza kifaa utazame fyuzi karibu na tundu la umeme. Umeme wetu ni volti 230. Fyuzi ya ampea 1 haiwezi kupitisha zaidi ya wati 230 kwa muda mrefu, basi kifaa hicho hakitakupa wati 2,000 za kuendelea hata ukikiombea. Usitumie namba ya matumizi ya umeme peke yake, maana kwenye vifaa vya kisasa huandikwa kwa muziki wa wastani na inaweza kuwa ndogo kuliko uwezo wenyewe. Fyuzi ni shahidi mzuri zaidi.

Jambo la pili ni kwamba wati zikiongezeka maradufu, sauti haiongezeki maradufu. Kutoka wati 100 kwenda 200 unapata desibeli 3, tofauti ambayo mke wako jikoni hataigundua. Ili sikio liseme "imekuwa mara mbili" unahitaji kama mara kumi ya wati. Kwa hiyo usiuze amplifaya nzuri ya 150 ukanunue ya 200.

Mbona basi mpiga gitaa anatamba na wati 30? Kwa sababu gitaa likikoroma watu wanashangilia. Piano ikikoroma watu wanageuka kuangalia nini kimeharibika. Sisi tunahitaji akiba juu ya kile tunachotumia, mlio ubaki safi hata ukigonga akordi nzito kwa mikono miwili.

Vipimo vyangu ni hivi. Kwaya au akustika bila dramu, wati 50 hadi 100. Bendi yenye dramu na gitaa mbili ukumbini, 150 hadi 300 za kweli. Ili ujue majina ya kulinganishia: katika amplifaya za kinanda za Roland, familia ya KC, KC-80 ina wati 50, KC-200 ina 100, KC-400 ina 150 na KC-600 ina 200. Nje uwanjani hesabu inavunjika kabisa, maana hakuna ukuta wala dari ya kurudisha sauti, na kila umbali ukizidi mara mbili unapoteza kama desibeli 6. Nilipiga shughuli moja ya wazi Chamwino, akina mama wakaanza muheme, ngoma ya Wagogo, ngoma zimebanwa mapajani, upepo wa jioni unavuma kutokea nyuma ya jukwaa. Nilijiona napiga meza. Kazi ya nje, ingia kwenye mitambo mikubwa.

Hatua ya 4: Inchi na kilo

Inchi 15 inashusha chini vizuri, lakini bendi yenye mpiga besi haikuhitaji huko chini. Mkigombania chumba kimoja wote mnakuwa tope. Inchi 12 yenye twita ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Inchi 10 kwa kujisikilizia.

Uzito upime kwa kuinua, usiambiwe. Amplifaya ya sanduku la mbao yenye inchi 15 inakaribia kilo 30. Saa tisa usiku, bodaboda zimeisha, hizo kilo zina majina ya matusi.

Mimi siku hizi natumia spika ya plastiki ya inchi 12 yenye amplifaya ndani, ile ile inayowekwa juu ya stendi kwa waimbaji, pamoja na miksa ndogo ya chaneli nne. Inalala kwa ubavu mbele yangu, au inapanda stendi pakiwa hakuna mitambo. Watakaokuambia "hiyo si amplifaya ya kinanda" waache waseme. Kasoro yake ni kwamba bila miksa huna pa kurekebisha sauti vizuri, na kifaa cha pili ni kitu cha pili cha kusahau nyumbani.

Hatua ya 5: Hesabu matundu

Matundu ya kuingizia yasipungue mawili yenye volyumu tofauti, maana leo una kinanda kimoja, mwakani viwili, na kila shughuli kuna mtu atakuja na simu akitaka wimbo wa kuingilia maharusi.

Kisha tafuta tundu la kutolea sauti kwenda kwenye miksa ya ukumbi, lenye pini tatu. Waya wa jeki wa kawaida ukizidi mita tano au sita unaanza kuokota mvumo. Wa pini tatu unavuka ukumbi mzima bila shida. Kama amplifaya haina tundu hilo, nunua kisanduku cha DI, kinachopokea jeki na kutoa pini tatu; ni kidogo na kinaingia mfukoni mwa begi.

Sasa sikiliza hili, wauzaji hawalisemi. Chomeka tundu hilo kwenye spika nyingine yenye amplifaya ndani, halafu zungusha volyumu kuu ya amplifaya. Ile spika nyingine ikipanda na kushuka nayo, basi siku utakayojiongezea wewe kidogo, ukumbi mzima utaongezeka, na fundi mitambo atakuchukia. Ikitulia, umepata kifaa kizuri.

Stereo? Ukiwa na spika moja, tumia tundu la kushoto la kinanda lililoandikwa L/Mono, na la kulia uliache wazi. Ukizikusanya pande mbili kwa waya wa kubuni, baadhi ya milio ya piano inakulana yenyewe na kubaki nyembamba.

Hatua ya 6: Umeme na vumbi letu

Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 120V 60Hz peke yake, hicho kimetoka Marekani. Ukikichomeka moja kwa moja utasikia mlio mmoja tu, wa mwisho. Kitahitaji transfoma ya kushusha, nayo ni mzigo mwingine. Kwenye jenereta subiri ishike mwendo kwanza, ndipo uwashe, na weka stabilaiza kati.

Mvumo ukitokea, usikate pini ya ethi kwenye plagi. Najua mafundi wanafanya. Ndiyo inayokulinda usipigwe shoti ukiwa umeshika maikrofoni. Chomeka kinanda na amplifaya kwenye ekstensheni moja, au bonyeza kitufe cha kutenganisha ethi kwenye kisanduku cha DI.

Vumbi la Dodoma kuanzia Julai mpaka Oktoba halina adabu. Linaingia kwenye vitufe vya volyumu, vikaanza kukwaruza ukivizungusha. Chagua kifaa chenye kifuniko cha kitambaa, au kashonewe Majengo. Yenye feni ndani inahitaji kupulizwa mara kwa mara.

Hatua ya 7: Nenda dukani na kinanda chako

Si cha duka, chako. Muuzaji akikataa usijaribu, aga kwa heshima.

Weka volyumu ya kinanda kwenye robo tatu, amplifaya sifuri, treble na besi katikati, kisha panda taratibu. Piga kwa mpangilio huu. Kwanza oktava ya chini kabisa ya piano, kwa nguvu, uiache ife yenyewe. Sikiliza kama sanduku linatetema kama kopo lenye kokoto. Pili, ogani, akordi nzito, ishikilie kwa sekunde kumi. Hapo ndipo amplifaya dhaifu inapojisaliti, maana ogani haiipi nafasi ya kupumua. Taa nyekundu ikiwaka mfululizo nayo sauti bado ni ya mazungumzo, ondoka. Tatu, matarumbeta noti za juu. Yakikuchoma sikio dukani, ukumbini wenye vigae itakuwa kilio. Kisha mwambie mwenzako aendelee kupiga, wewe tembea hatua sita, simama pembeni, usisimame mbele. Twita nyingi zinarusha mbele tu, na waimbaji wako husimama pembeni.

Kwa cha mtumba, ongeza haya: nusa matundu ya hewa kama kuna harufu ya kuungua, na kama koni inafikika, isukume polepole kwa viganja viwili. Ikikwaruza ndani, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeshagusa sumaku. Tazama pia ukingo wake kama umepasuka.

Hatua ya 8: Usiku wa kwanza

Iinue kutoka sakafuni, hata juu ya kreti la soda. Ikikaa chini, besi inavimba, na sauti inapiga magoti yako badala ya masikio. Iwe nyuma yako kidogo upande mmoja, mbali na maikrofoni za waimbaji isije ikapiga mluzi. Punguza besi ya kinanda mpiga besi wako akiwepo, na mkono wa kushoto upumzike. Ongeza kidogo milio ya kati ya kinanda badala ya kupandisha volyumu.

Ukishapata mahali pazuri, bandika vipande vya plasta kwenye vitufe, uweke alama ya kalamu. Gundisha fyuzi mbili za akiba kwa selotepu ndani ya kifuniko cha nyuma, na uandike ampea zake kwa kalamu nene, maana taa ikizimika jukwaani hutaweza kusoma maandishi ya kiwandani.