Meli ikikushusha Unguja kwa saa chache

Meli yako ikifunga gati bandari ya Malindi, Mji Mkongwe, kwa saa sita tu, na unataka kuelea na miwani ya maji kutazama matumbawe, usikimbilie kisiwa cha Mnemba. Barabara ya kwenda Matemwe, kijiji cha kupandia boti za huko, pekee inakula zaidi ya saa nzima, na bado hujapanda boti. Nenda Changuu au Bawe, visiwa vilivyo karibu na mji. Boti kutoka Forodhani inafika Changuu kwa takriban nusu saa, na ufukwe uko palepale.

Kabla ya kulipa, muulize nahodha maji yanajaa na kupwa saa ngapi, hasa siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Maji yakiwa haba utayakanyaga matumbawe, na tafadhali usifanye hivyo, yanachukua miaka mingi kuota tena. Vaa fulana, mgongo huungua haraka ukielea. Rudi mjini saa mbili kabla ya muda wa kupanda meli. Upepo wa mchana huchelewesha boti.