Somo: Jinsi ya kusoma majina ya vilima na barafuto za Antaktika bila kupotea

Habari zenu wakuu. Kuna wadau wamekuwa wakiniuliza kuhusu ramani za Antaktika, na wengi mmekwama palepale nilipokwama mimi miaka ile naanza, yaani kwenye majina. Unafungua ramani unakuta Royal Society Range, Denton Hills, Koettlitz Glacier, Walcott Glacier, mengine hata kutamka shida, na hakuna linalokuambia chochote kuhusu mahali penyewe.

Iko hivi. Sisi tumezoea mlima wenye wenyeji. Marangu, Machame, Kibosho, hayo majina ya miguuni mwa Kilimanjaro yametoka midomoni mwa watu wanaolima pale. Antaktika haijawahi kuwa na mwenyeji hata mmoja, hakuna babu aliyekaa chini ya kilima akakiita chochote, kwa hiyo kila jina limeletwa na mpita njia, na wapita njia wa kwanza walikuwa na baridi, na njaa, na orodha ndefu ya watu wa kuwashukuru nyumbani. Ukishika hilo tu, ramani inaanza kusomeka kama daftari la michango ya harusi: nani alitoa, nani alikuwepo, nani alikuwa mwenyekiti wa kamati.

Nitatumia eneo moja tu, ng'ambo ya kisiwa cha Ross, kwa sababu pale kuna kila kitu karibu karibu. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: jua ramani imekaaje

Ramani nyingi za Antaktika zimechorwa kama mtu anaangalia kutokea juu ya Ncha ya Kusini, ncha iko katikati. Maana yake kaskazini ni kila upande, sahau ile ya shule kwamba kaskazini ni juu. Kwa kawaida nyuzi sifuri ya longitudo iko juu, nyuzi 180 iko chini, mashariki inazungukia kulia. Ile rasi ndefu kama mkia inayoelekea Amerika Kusini iko juu kushoto. Sisi tunashuka chini kabisa kwenye Bahari ya Ross, kona yake ya kulia, hapo kuna kisiwa chenye Mlima Erebus, volkano hai ya mita 3,794. Ukivuka yale maji yanayoitwa McMurdo Sound kwenda upande wa bara unakutana na ukuta wa milima. Hapo ndo darasani kwetu leo.

Hatua ya 2: kata jina vipande viwili

Neno la mwisho ni aina ya kitu, la mwanzo ni la mtu au sababu. Range ni safu ya milima, Hills ni vilima, Valley ni bonde, Glacier ni barafuto, ule mto wa barafu unaoteremka taratibu kwa uzito wake wenyewe. Haya ni mepesi. Mawili yanasumbua watu. La kwanza ni Piedmont Glacier: asili yake ni Kiitaliano, miguuni mwa mlima, ni barafu iliyotoka mlimani ikafika tambarare ikatandaa kama uji uliomwagika mezani. Mfano ni Wilson Piedmont Glacier, Wilson alikuwa daktari aliyekufa pamoja na Scott, kapteni Mwingereza aliyeongoza misafara miwili kule, mwaka 1912 wakirudi kutoka Ncha ya Kusini. La pili ni nunatak, hili ni neno la Wainuit wa Greenland kabisa, likahamishiwa kusini, ni kilele cha mwamba kinachochomoza juu ya barafu, mlima wote umezama umebaki kichwa tu kama kiboko mtoni.

Hatua ya 3: anza na safu, usianze na vilima

Royal Society Range ilipewa jina na msafara wa Scott wa meli ya Discovery, 1901 hadi 1904. Royal Society ni chama cha wanasayansi cha London na ndo mmoja wa wazazi wa ule msafara. Sasa angalia vilele: Lister, mita 4,025, huyu ni yule Joseph Lister daktari aliyefundisha watu kuua vijidudu kabla ya kupasua mgonjwa, na alikuwa rais wa chama hicho 1895 hadi 1900. Hooker naye aliwahi kuwa rais. Huggins rais. Rucker alikuwa katibu. Yaani safu nzima ni kama ukuta wa ofisi ya ushirika wenye picha za viongozi waliopita.

Hatua ya 4: shuka kwenye vilima, na hapa angalia mwaka

Mbele ya safu hiyo, upande wa bahari, kuna vilima vya mawe matupu, urefu kama kilomita 44 na upana kama 16, vimekatwakatwa na mabonde yanayoelekea mashariki. Havina theluji ya maana. Sababu ni kwamba milima ya nyuma imezuia barafu kubwa ya bara isimwagike, hewa ni kavu kupita kiasi, na upepo unaoshuka kutoka juu unakausha kile kidogo kinachoanguka. Watu wa Scott waliviona wakaviita vilima vya chini basi, wakapita. Jina Denton Hills lilikuja mwaka 1999, likatolewa na kamati ya majina ya Marekani, kwa heshima ya George Denton, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Maine aliyefanya kazi nyingi eneo lile.

Hapa mimi niliwahi kuaibika, nilimwambia mtu kwa kujiamini kabisa eti Denton alikuwa baharia wa Scott, kumbe jina lake limekuja karibu miaka mia baada ya Scott. Nilidhani kwa kuwa safu ni ya Scott basi na miguu yake ni ya Scott. Hapana. Vilele vikubwa vinaonekana kutoka baharini kwa hiyo vinapata jina siku ya kwanza, vilima vya chini vinasubiri mpaka aje mtu wa kukaa na kupima mawe. Ndo maana majina ya vilima mara nyingi ni mapya kuliko ya milima, kinyume kabisa na kwetu ambako jina la miguuni ndo kongwe, na kule juu barafuni ndo wamekaa Wajerumani, Rebmann, Kersten, Furtwängler na wenzao.

Hatua ya 5: fuata barafuto moja moja

Zunguka vilima hivyo utakutana na Koettlitz Glacier, Koettlitz alikuwa daktari wa Discovery. Nyuma ya safu kuna Skelton, injinia wa meli. Kaskazini kuna Ferrar, mwanajiolojia wa msafara, kijana wa miaka 22 alipoondoka Uingereza. Katikati yao kuna Blue Glacier, imeitwa hivyo kwa sababu barafu yake ni ya bluu, na mimi naipenda kwa ukweli wake, mtu kaangalia kitu kaandika alichokiona.

Ila kisa cha Ferrar ndo kitamu. Scott na wenzake walipanda barafuto ile kwenda juu kwenye uwanda, wakaichora kama kitu kimoja, kuanzia juu mpaka baharini, jina moja. Msafara wa pili wa Scott ukaja, na mwanzoni mwa 1911 kikundi cha mwanajiolojia Griffith Taylor kikaenda kupima upya, wakagundua kumbe ni barafuto mbili! Moja inashuka kutoka uwandani, inafika karibu na mlima uitwao Knobhead, inaegemeana na nyingine ubavu kwa ubavu kama mapacha walioungana, alafu kila moja inashika njia yake: ya huku inapinda kuingia bonde kavu na kuishia humo bila kuona bahari, ya kule inaenda mpaka pwani. Ukiwa umesimama juu yake huoni mpaka, ni barafu tupu. Scott akakubali, sehemu ya juu ikapewa jina la Taylor, Ferrar akabaki na ya chini. Kwa hiyo ukisoma maandishi ya 1903 yanayosema Ferrar, mwandishi anaweza kuwa amesimama juu ya Taylor ya leo. Watu wengi wanateleza hapa.

Bonde hilohilo la Taylor lina Canada Glacier, iliyopewa jina na Charles Wright, mwanafizikia Mkanada wa kikundi kile, na Commonwealth Glacier, hiyo ni shukrani kwa serikali ya Australia iliyochangia pesa. Pesa ziko kila mahali kwenye ramani hii jamani. Beardmore, barafuto ya kama kilomita 200 ambayo Shackleton, kiongozi wa msafara mwingine wa Uingereza, aliipanda 1908, ni tajiri wa viwanda wa Glasgow aliyemfadhili. Axel Heiberg, njia ya 1911 ya Amundsen, yule Mnorwe wa kwanza kufika Ncha ya Kusini, ni mfadhili wa Norway.

Hatua ya 6: uliza kama ina jina lingine

Nchi nyingi zina kamati zao za majina na hakuna serikali ya kuwaamulia, kwa hiyo kitu kimoja kinaweza kuwa na majina mawili matatu. Kuna orodha ya pamoja inayotunzwa na SCAR, kamati ya kimataifa ya utafiti wa Antaktika, ina majina zaidi ya 35,000 na mengi yanagongana. Lambert Glacier, ile kubwa kuliko zote duniani, urefu kama kilomita 400, iliwahi kuitwa Baker Three kutokana na ndege na marubani walioipiga picha kwenye operesheni ya Marekani ya 1946 na 1947, baadaye Waaustralia wakaipa jina la mkurugenzi wao wa ramani. Usipoangalia orodha unaweza kudhani ni barafuto mbili.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu naweza kupeleka jina la mama yangu wakaweka kwenye kilima?
Jibu: Haha, pole. Kamati ya Marekani kwa mfano imeandika wazi kwamba haipokei majina ya ndugu na marafiki kwa sababu ya undugu tu, wala majina ya bidhaa, wala ya mbwa wa kuvuta sleji. Mama akienda kupima barafu kule misimu kadhaa hapo tunaongea lugha nyingine.

Swali: Naona sehemu zingine wanaandika Heights, tofauti na Hills ni nini?
Jibu: Usitafute tofauti ya kisayansi sana, ni mazoea ya kamati. Wabulgaria wanapenda Heights, wana kamati tangu 1994 na wametoa majina mengi sana, kisiwa cha Livingston na safu ya Sentinel kumejaa miji na mashujaa wa Bulgaria. Ukiona Levski Ridge jua hao ni wao.

Swali: Ile rasi ya juu kushoto mbona kila ramani inaiita kivyake?
Jibu: Waingereza walisema Graham Land, Wamarekani Palmer Peninsula, Waajentina San Martín, Wachile O'Higgins. Mwaka 1964 Marekani na Uingereza wakakubaliana iitwe Antarctic Peninsula. Waajentina na Wachile wameendelea na yao, na sishangai, wote wawili pamoja na Uingereza wanadai kipande kilekile. Mkataba wa Antaktika wa 1959 uligandisha madai, haukuyafuta.

Swali: Na Greenland ni hivyohivyo, majina ya wazungu waliopita?
Jibu: Hapana, kule kuna wenyewe. Sermeq ni barafuto kwa Kigreenland. Ile maarufu iliyokuwa ikiandikwa Jakobshavn ni Sermeq Kujalleq, barafuto ya kusini. Humboldt ni Sermersuaq, barafuto kubwa. Jina linakuambia ukubwa na upande, sio nani alitoa hela.

Swali: Hivi hiyo milima ya huko ni mirefu kuliko Kilimanjaro?
Jibu: Wapi! Mrefu kuliko yote Antaktika ni Vinson, mita 4,892. Kibo ina 5,895, Mlima Kenya 5,199, hata Margherita ya Ruwenzori 5,109. Zote tatu zinaipita.

Swali: Nimeona picha ya barafu inatoka damu, ni huko huko?
Jibu: Ndo mdomoni mwa Taylor Glacier. Ni maji ya chumvi kali yenye chuma yanayotoka chini ya barafu, yakigusa hewa yanapata kutu. Taylor aliyaona 1911.

Swali: Kwa hiyo hakuna chochote chetu kule? Hata jina moja?
Jibu: Kuna jiwe. Mwanajiolojia J. W. Gregory alikuja Mlima Kenya 1893, yeye ndo aliyeipa Lewis Glacier jina lake, na mwaka 1900 akaliita jiwe moja la volkano ya pale kenyte, kutokana na Kenya. Baadaye jiwe la aina hiyohiyo likakutwa kwenye Erebus, na Cape Royds, ambapo Shackleton alijenga kibanda chake 1908, chini yake ni kenyte. Na kama haitoshi, Gregory huyohuyo alikuwa ameteuliwa kuongoza wanasayansi wa Discovery, wakagombana London kuhusu nani awe juu ya nani, yeye au Scott, akajiuzulu 1901 kabla meli haijaondoka. Meli ikaenda na Ferrar.